Wakuu, hiyo picha unayoibofya siyo faili lenyewe: uzi wa ikoni za eneokazi, usome kabla hujapigiwa Windows

SteshenariMajengo (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Nina kibanda cha steshenari hapa Dodoma mjini, upande wa Majengo. Natoa kopi, naprinti, nafunga tasnifu za wanachuo, na kompyuta za watu zikisumbua kidogo naziangalia, ingawa sijiiti fundi. Wiki iliyopita, mchana, upepo wa vumbi umechachamaa mpaka nimefunga dirisha, akaingia binti anahema.

"Kaka, naomba uniprintie haraka, kurasa 80, msimamizi wangu anaondoka saa tisa."

Akanipa flashi. Nikachomeka. Ndani kitu kimoja tu, kina sura ya Word, jina lake "Pendekezo MWISHO KABISA 3". Nikabofya mara mbili, kompyuta ikafikiri kidogo, ikasema kinachotafutwa hakipo. Nikatazama ukubwa: KB 2. Wakuu, kurasa 80 zenye majedwali na picha haziingii kwenye KB 2 hata uzikunje vipi. Nikatupa jicho kona ya chini kushoto ya ile picha, nikakiona: kimshale kidogo kimepinda kuelekea juu.

Nikamwambia, dada, kazi hujaja nayo. Umekuja na kibao kinachoonyesha kazi iliko, kama vibao vya njia panda. Hakuniamini. "Mbona nimeikopi mwenyewe kutoka kwenye desktopu, na nyumbani inafunguka?" Ndiyo, nyumbani inafunguka, kwa sababu kibao na kinachoonyeshwa viko kwenye mashine moja. Akapanda bodaboda kurudi Ng'ong'ona kufuata laptopu. Saa tisa ilimkuta njiani.

Siyo mara ya kwanza, wala ya kumi. Ndiyo maana jioni hii nimefunga kibanda nikasema leo naandika.

Tuanze na eneokazi lenyewe. Hilo ndilo neno la vitabuni, mtaani tunasema desktopu, mimi nitayachanganya yote mawili. Watu wengi wanadhani ni mahali pa pekee, nje ya C na nje ya D (zile sehemu za diski mafaili yanapokaa), kitu kinachoelea tu juu ya kioo. Hapana. Eneokazi ni folda kama folda nyingine. Fungua C, ingia Users, ingia palipoandikwa jina lako, utaona folda inaitwa Desktop. Ifungue: vitu ni vilevile unavyoviona ukiwasha mashine. Kile kioo chenye picha ya mandhari ni folda hiyo hiyo imetandazwa kama kitambaa cha meza.

Sasa juu ya kitambaa hicho kuna vitu vya namna tofauti vilivyovaa nguo zinazofanana, na hapo ndipo watu wanapopigwa.

Vyenye kimshale ni njia za mkato. Kila kimoja ni kafaili kadogo, KB moja au mbili tatu, na ndani yake kimsingi kuna anwani: kinachotafutwa kiko diski fulani, folda fulani, jina fulani. Mwisho wa jina lake kuna herufi lnk, ila Windows inazificha hata ukiiambia ionyeshe za mafaili mengine. Ukifuta njia ya mkato ya Excel, Excel haijaenda popote. Ukiikopi, umekopi anwani. Na ukihamisha faili lenyewe kwenda flashi kisha ukaichomoa, anwani inabaki inaonyesha nyumba ambayo mwenyewe ameshahama.

Visivyo na kimshale, kama vile barua uliyoisevu hapo hapo, picha za harusi, folda ya madeni, ni vyenyewe hasa. Ukifuta umefuta. Kuna mama mmoja aliniletea malalamiko kwamba kompyuta yake "ina ubaguzi": alifuta ikoni kumi za programu hakuna kilichopotea, akafuta ya kumi na moja likapotea daftari lote la mauzo. Kompyuta haina ubaguzi, mama hakuangalia mshale.

Halafu kuna wale wenyeji, This PC na Recycle Bin (pipa la vilivyofutwa). Hawa Windows yenyewe ndiyo inawaweka na kuwaondoa. Wakikupotea usihangaike kutafuta folda yao. Bofya kulia mahali patupu, ingia Personalize, kisha Themes, utafute palipoandikwa Desktop icon settings, uweke tiki.

Jambo moja dogo linalowashangaza wengi: unafuta ikoni ya programu, mashine inakuomba ruhusa ya msimamizi na inakuonyesha ngao. Kwa nini kitu kidogo hivyo kiombe ruhusa? Kwa sababu unachokiona kwenye kioo ni folda mbili zimelazwa moja juu ya nyingine: ya kwako, na nyingine iliyo ndani ya Users, kwenye folda ya Public, ambayo ni ya kila anayeitumia mashine hiyo. Programu nyingi zikiingizwa huweka ikoni yao kwenye hiyo ya wote. Ukiifuta, umewafutia na wenzako.

Sasa niseme lililonifanya nitoe uzi kabisa, maana la yule binti lilikuwa la nauli ya bodaboda tu.

Mwalimu mmoja kutoka upande wa Bahi, mtu makini, laptopu yake ikawa nzito. Akaipeleka kwa fundi mjini apige Windows upya, yaani aiingize tena kuanzia mwanzo. Fundi, na hapa simlaumu hata chembe, akamuuliza swali ambalo kila fundi mzuri huuliza: "Mwalimu, una vitu vyako kwenye C?" Mwalimu akajibu kwa moyo mweupe: "Hapana, vitu vyangu vyote viko kwenye desktopu."

Fundi akafomati C, yaani akafuta kila kilichomo.

Hakuna aliyedanganya. Mmoja alikuwa anazungumza Kiswahili cha diski, mwingine Kiswahili cha kioo. Mitihani ya miaka minne, alama za wanafunzi, na picha za msiba wa mama yake, vyote vilikuwa ndani ya C, ndani ya Users, ndani ya Desktop. D ilibaki salama salmini, na ndani ya D hakukuwa na kitu.

Desktop iko C. Documents iko C. Downloads iko C. Kama hujazihamisha kwa mkono wako, ziko C. Na kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wanapeleka mashine zikapigwe Windows 11. Swali la yule fundi utaulizwa na wewe. Jibu kwa lugha yake.

Nakaribisha maswali.

---

MwanaUDOM3

Mkuu, huyo binti siyo mimi ila angeweza kuwa mimi 😂. Mimi kila nikimaliza kazi nabofya kulia, Send to, halafu Desktop, nikiamini naisevu desktopu.

Sasa nikiwa na hiyo yenye mshale, faili lenyewe nalipataje?

---

SteshenariMajengo

Hapo hapo ndipo mnapoumia mdogo wangu. Hiyo Send to, Desktop inatengeneza njia ya mkato, haihamishi wala haikopi kitu.

Kulipata faili lenyewe: bofya kulia kwenye ikoni, chagua Open file location. Itakufungulia folda faili lilipo kweli, likiwa tayari limechaguliwa. Kopi kutoka hapo. Au lifungue kwenye Word kisha ulisevu kwa Save As moja kwa moja kwenye flashi. Halafu kabla hujachomoa flashi, angalia ukubwa. Pendekezo la utafiti lenye KB 2 ni bahasha tupu.

---

KaraniDom

Mimi ni karani, ofisi sitaitaja. Desktopu yangu ina ikoni karibu mia mbili, na naijua kila moja ilipo kama mama anavyojua sufuria zake. Mwezi uliopita nikaambiwa nichomeke laptopu kwenye projekta kwenye kikao. Kwanza kila mtu akasoma majina ya mafaili yangu ukutani, likiwemo moja lililoandikwa "MKOPO WA KAUSHA DAMU". Pili, nilivyochomoa, ikoni zote zikawa zimesukumwa upande mmoja, nyingine zimepanda juu ya nyingine. Nimetumia siku mbili kuzirudisha. Projekta imeniharibia?

---

SteshenariMajengo

Pole dada yangu, na pole ya mkopo 😅

Projekta haijaharibu kitu. Projekta nyingi zina nukta chache kuliko kioo cha laptopu. Ukichomeka, Windows inapunguza vipimo vya kioo vilingane na projekta. Meza imekuwa ndogo ghafla, vitu vilivyokuwa pembeni vinasukumwa ndani ili visianguke. Ukichomoa meza inarudi kuwa kubwa, lakini vitu havikumbuki kila mara vilikuwa vimekaa wapi.

Siku nyingine, kabla ya kikao, bofya kulia mahali patupu, nenda View, ondoa tiki kwenye Show desktop icons. Zote zinafichika, hakuna kinachofutwa, ukirudi ofisini unarudisha tiki. Njia bora zaidi: shika kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Extend. Hapo ukuta unakuwa meza ya pili, wajumbe wanaona kile tu unachokiburuta kwenda huko, na mkopo wako unabaki siri yako na waliokukopesha.

Hapo hapo kwenye View kuna vitu viwili vinachanganywa sana. Align icons to grid inazinyoosha tu kwenye mistari, unaziweka unapotaka. Auto arrange icons inazivuta zote kushoto na kuzipanga yenyewe, na hukubaliwi tena kuiweka moja pale katikati. Mtu akiniambia "ikoni zangu zinakataa kuhama", tisa kati ya kumi ni hiyo Auto arrange imewekwa tiki.

Na zikivimba ghafla zikawa kama sahani, umebonyeza Ctrl huku unazungusha gurudumu la mausi. Rudia kuzungusha upande wa pili.

---

TofaliLaNzuguni

Mnakuza mambo. Kinachofanya kompyuta iwe nzito ni hizo hizo ikoni. Futa zote, mashine inapaa. Nimewafanyia watu wengi.

---

SteshenariMajengo

Mkuu, "futa zote" ndiyo sentensi iliyomtoa yule mama daftari lake la mauzo.

Nakubaliana nawe nusu. Ukiwasha mashine, Windows inasoma kila kilichomo kwenye folda hiyo na kukitafutia picha. Mashine ya zamani yenye diski ya kuzunguka, vitu mia tatu utaviona vinajitokeza kimoja kimoja kama watu wanashuka kwenye daladala. Ila njia za mkato mia mbili hazifiki hata MB moja. Uzito wa kweli unatoka kwenye vyenyewe: mtu ana GB 40 za video za harusi juu ya desktopu, C inabaki na nafasi ya kiganja, Windows inakosa pa kuweka mambo yake ya muda, hata masasisho yanakwama. Unazihamishia D, mashine inapumua. Wewe ulifuta ikoni, kumbe ulichoondoa ni video.

---

TofaliLaNzuguni

Nimekusoma. Ila na wewe umezidisha hiyo ya daladala.

---

MzeeMasijala

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi ni mstaafu, nilianza kazi masijala, enzi za taipureta na majalada ya kufunga kwa kamba. Kompyuta zilipoletwa tukaambiwa tusiogope. Kilichonisaidia ni kugundua kwamba waliozitengeneza walikuwa wameiga ofisi yetu.

Niliwahi kusoma habari hizi nikazihifadhi kichwani. Neno ikoni kwa maana ya kompyuta lilitumiwa na David Canfield Smith kwenye tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1975. Baadaye alikuwa miongoni mwa waliobuni kompyuta ya Xerox Star, iliyotoka 1981. Kioo chake kilichorwa karatasi, majalada, makabati, trei ya barua zinazoingia na ya zinazotoka. Wateja waliolengwa walikuwa watu wa ofisi, wasiojua amri za kompyuta lakini wanaojua meza. Ndiyo maana ile picha ya folda hadi leo ina kimdomo juu: ni jalada la karatasi ngumu, kimdomo ndipo palipoandikwa jina ili ulione likiwa kabatini.

Halafu Macintosh ya mwaka 1984, picha zake nyingi zilichorwa na mwanamke, Susan Kare. Alianza kwenye daftari la miraba, kila mraba nukta moja, 32 kwenda 32, yaani nukta 1,024 za kuonyesha kitu mtu akielewe bila kufundishwa. Miaka michache baadaye akawachorea Microsoft ikoni za Windows 3.0. Na huu utaratibu mnaouzungumzia hapa, njia ya mkato yenye kimshale juu ya meza, wengi wetu tuliupokea na Windows 95.

Mjukuu wangu aliniuliza kile kimraba cha kusevu ni picha ya nini. Nikamwonyesha disketi. Akasema, "Babu, umeprinti kitufe cha kusevu?"

---

KaraniDom

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya mjukuu nimeicheka peke yangu kwenye kiti 😂

---

SteshenariMajengo

Shikamoo mzee. Umenipa kitu. Masijala mlikuwa na daftari la kuonyesha jalada namba fulani liko kabati gani, na mlikuwa na jalada lenyewe. Njia ya mkato ni mstari kwenye daftari. Kuanzia kesho wateja nawaeleza hivyo, nakiacha kile kibao cha barabarani.

---

KukuWaSabasaba

Ikoni zangu za programu zimegeuka karatasi nyeupe, zote. Umeme ulikatika nikiwa natumia kompyuta ya mezani. Zikibofywa zinafunguka vizuri tu. Ni virusi?

---

SteshenariMajengo

Kama zinafunguka, hofu ondoa. Windows haichori kila picha upya kila ukiwasha, ina ghala la picha ilizokwisha kuzichora. Ghala likiharibika, mfano umeme umekatika katikati ya kuandika, inakosa sura ya kuonyesha inaweka karatasi nyeupe. Programu yenyewe haijaguswa.

Anza na jepesi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager. Tafuta Windows Explorer kwenye orodha, bofya kulia, chagua Restart. Kioo kitapotea sekunde chache kisha kitarudi, usishtuke. Zikibaki nyeupe, fungua folda yoyote, kwenye mstari wa anwani andika

%localappdata%\Microsoft\Windows\Explorer

ubonyeze Enter. Futa mafaili yanayoanza na iconcache tu, kisha uwashe mashine upya. Yatakayokataa kufutika kwa kuwa yanatumika, yaache, jaribu tena baada ya kuwasha. Windows italijenga ghala upya.

Ila kama ni moja tu nyeupe na haifunguki, hiyo ni njia ya mkato iliyofiwa na mwenyewe. Programu imeondolewa au imehamishwa. Ifute.

---

BintiMpwapwa

Swali la karibu na hilo. PDF zangu zote zilikuwa na alama nyekundu, jana zimekuwa na alama ya kivinjari. Sijazigusa.

---

SteshenariMajengo

Sura ya faili la PDF au la Word haimo ndani ya faili. Windows inaangalia herufi za mwisho wa jina, inaangalia ni programu gani imepewa kazi ya kufungua aina hiyo, inaazima sura ya programu hiyo. Programu mpya imejipa kazi ya kufungua PDF, basi PDF zako zote zimevaa sare mpya. Bofya kulia mojawapo, Open with, Choose another app, chagua ile ya zamani na uifanye ya kudumu.

Lakini swali lako limefungua mlango wa jambo la hatari, subiri.

Programu, yaani faili linaloishia na exe, lenyewe hubeba sura yake ndani. Aliyeitengeneza anachagua sura aitakayo. Kwa hiyo mtu mbaya anaweza kutengeneza programu akaivika sura ya PDF na kuiita "Barua ya kuitwa kazini.pdf.exe". Windows kwa kawaida inaficha herufi za mwisho, wewe unaona "Barua ya kuitwa kazini.pdf" na sura ya PDF juu yake. Unabofya kwa furaha ya ajira, unaingiza mdudu. Hapa Dodoma, mji wenye watu wengi wanaosubiri barua za kazi, mtego huo unanasa.

Dawa: fungua folda yoyote, nenda View. Kwenye Windows 11 ingia Show, uweke tiki File name extensions, kwenye Windows 10 tiki iko hapo hapo juu. Barua inayoishia exe siyo barua.

---

BodaIhumwa

Flashi yangu nimeichomeka kwenye kompyuta ya kuprintia sehemu fulani, siyo kwako mkuu, nikirudi nyumbani folda zangu zote zimekuwa na mshale. Nazo zina KB moja moja. Ina maana kazi zangu zimeliwa?

---

SteshenariMajengo

Kuna uwezekano mkubwa zipo, usifomati flashi! Huyo ni mdudu maarufu wa steshenari. Anazificha folda zako halisi, halafu anaweka njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibofya, kwanza unamwendesha yeye, ndipo anakufungulia folda yako ili usishtuke.

Usibofye hata njia ya mkato moja. Kwanza pitisha kinga ya virusi kwenye flashi na kwenye mashine yako, maana ukizifichua folda huku mdudu yupo atazificha tena. Kisha andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, ifungue, na kama flashi yako imepewa herufi E, andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hiyo inaondoa alama za kufichwa. Folda zako zitatokea, hapo ndipo unafuta zile zenye mshale.

Na mimi nikiri: mwaka fulani kompyuta ya kibandani kwangu iliwahi kuwa na huyo mdudu kwa siku kadhaa kabla sijajua. Sijui nilizigawa flashi ngapi. Siku hizi kila asubuhi napitisha kinga kabla sijafungua mlango.

---

MwanaUDOM3

Turudi kwenye C. Nataka desktopu yangu ikae D moja kwa moja, inawezekana au niwe nakopi kila siku?

---

SteshenariMajengo

Inawezekana. Kwanza, na hili usiliruke, ingia D utengeneze folda mpya, uiite Desktop. Halafu nenda C, Users, jina lako, bofya kulia kwenye folda ya Desktop, Properties, kuna kichupo kinaitwa Location. Bofya Move, chagua ile folda mpya, ukubali ihamishe vyote. Kuanzia hapo ukisevu desktopu umesevu D.

Nasema usiliruke kwa sababu niliwahi kumwelekeza mtu, akachagua D yenyewe badala ya folda ndani ya D. Kila kilichokuwa D kikamwagika kwenye kioo, na kujitoa hapo kulitusumbua jioni nzima.

Kama mashine yako imeunganishwa na OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, angalia kwanza: huenda Desktop yako imeshahamia ndani ya folda ya OneDrive bila wewe kutambua, utaona vitiki vya kijani au viwingu pembeni ya ikoni. Si vibaya, nakala inakaa mtandaoni, ila nafasi ya bure ni GB 5 tu, na ukiweka video pale MB zako zitalia. Ukizima huduma hiyo ghafla, desktopu inaweza kuonekana tupu. Vitu vimebaki ndani ya folda ya OneDrive, vifuate huko.

Na D nayo siyo mbingu. Mara nyingi C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja, diski ikifa vinakufa vyote. Tasnifu weka na kwenye flashi, ujitumie na kwa barua pepe. Na kumbuka ukifuta kitu kilicho kwenye flashi kwa kawaida hakipiti Recycle Bin, kinaondoka moja kwa moja.

---

KukuWaSabasaba

Zimerudi sura zote baada ya ile Restart. Sikufika hata kwenye kufuta.

---

MgeniNkuhungu

Wakuu msaada wa haraka. Asubuhi hii nimewasha laptopu, desktopu nyeupe kabisa, picha ya mandhari siyo yangu, kama mashine mpya. Jana usiku umeme ulikatika na betri yangu imekufa. Nilikuwa na kila kitu pale juu. Nimeanza kutafuta fundi wa kurudisha data.

---

SteshenariMajengo

Tulia kwanza. Usisevu chochote hapo, wala usimruhusu mtu apige Windows.

Ingia C, Users. Niambie unaona majina gani.

---

MgeniNkuhungu

Lipo langu, ipo Public, na ipo nyingine imeandikwa TEMP.

---

SteshenariMajengo

Hiyo TEMP ndiyo unayoitazama. Windows ilishindwa kufungua chumba chako, ikakuweka sebuleni kwa muda. Ukizima, kila ulichokiweka sebuleni kinafagiliwa, ndiyo maana nimekwambia usisevu. Ingia kwenye jina lako, kisha Desktop, uone kama vitu vipo. Vikiwepo, vikopi kwenye flashi kabla ya yote. Halafu washa upya, mara moja au mbili.

---

MgeniNkuhungu

Vipo. Naona mpaka folda ya madeni. Nakopi sasa hivi, inasema dakika 14.

---

MgeniNkuhungu

Nimewasha upya mara ya kwanza bado nyeupe, mara ya pili imerudi yote na picha ya watoto wangu. Nimetengeneza folda D na nimehamisha kama ulivyomwelekeza yule wa UDOM. Fundi nimempigia simu nimemwambia asije.